Tusi Langu Katika Kinywa cha Bi Sikudhani

Kwako mke mwenzangu Hadija,

Marahaba. Hiyo ni ya siku tisa zote ulizoniamkia nisikuitikie. Igawe mwenyewe asubuhi na jioni, ukiona haitoshi ni shauri lako.

Naandika hapa uani, wewe umekwenda Lindi kukata tiketi na kuagana na wale rafiki zako wenye kucha kama za kunguru. Mwandiko wangu unaujua. Sikukaa darasani miaka kama wewe, nilisoma kisomo cha watu wazima, jioni, na mtoto mgongoni, na mwalimu mwenyewe alikuwa ananiogopa. Kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iinue uendelee. Kesho ukishakaa kwenye bodaboda nitakutia barua hii mkononi na nitakwambia usiifungue mpaka basi lipite Mchinga. Najua utaifungua kabla. Umemrithi mume wetu marehemu, Mungu amrehemu, aliyekuwa anaonja mchuzi kabla haujatiwa chumvi halafu analalamika.

Sikuandikii habari za kufunga mlango wala kuchemsha maji. Hayo unayajua, na usiyoyajua Dar watakufundisha kwa nguvu. Nakuandikia kwa sababu siku tisa umekaa unadhani bibi yako amenuna kwa kuibiwa matusi yake. Na umewatangazia watu. Nilikusikia pale uani kwake ukimwambia mtani wangu Bi Mwanaisha, "Bibi ana wivu na Bi Sikudhani wa kwenye simu." Mkacheka, wewe na kizee kizima kisicho na jino la mbele.

Haya. Ninao. Nina wivu naye mpaka nikimeza mate naona machungu. Lakini nyie mnadhani ulianza siku tisa zilizopita. Wivu huu ni mkubwa kuliko wewe, umeukuta upo.

Huyo mliyemwona kwenye simu si Bi Sikudhani. Bi Sikudhani tulimwona sisi, wakati mama yako Salima ndiyo kwanza amevunja ungo. Hapa kwetu Milola televisheni niliyoijua mimi ilikuwa moja, kwa bwana shamba, na jenereta lake linakohoa kama mtu mwenye pumu. Kila Alhamisi tulikaa sakafuni kwake, wakubwa mbele, watoto nyuma, kuangalia tamthilia ya huyo mama. Alikuwa na nyumba kubwa na watoto wanne na kanga zisizo na mkunjo. Mtoto akivunja sahani, yeye anasema kwa sauti laini, "Mwanangu mpenzi, hujaumia?" Mtoto akilala nje, "Mwanangu mpenzi, moyo wangu haukutulia." Wenzangu wanafuta machozi. Mimi nasema kimoyomoyo, mwanamke huyu hajawahi kushika jembe hata siku moja.

Salima alikuwa anamtazama kama anamnywa. Siku moja tunarudi nyumbani akaniuliza, "Mama, mbona wewe hujawahi kuniita mwanangu mpenzi?"

"Kwani hujijui kuwa ni mwanangu?"

"Najijua. Nataka kulisikia tu."

"Basi nenda kwa Bi Sikudhani akakuzae upya."

Mimi nikatembea kifua mbele, nimeshinda. Halafu nikaanza kutafuta kazi za Alhamisi. Korosho ambazo zingebanguliwa siku yoyote, nikawa nazitoa Alhamisi jioni na kumwita Salima akae na mimi. Moshi unamwingia machoni, anabangua, anasikia jenereta la bwana shamba kwa mbali, na mimi nimeridhika. Mama mzima nilikuwa nagombea mtoto na kioo. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Sasa kuhusu matusi yangu. Wewe ulinirekodi msibani mwaka jana, ukatia kwenye mitandao yenu, wale watu wa Dar wakaona, wakakupigia, wakakutaka uwatumie zaidi, mwisho wamekupa kazi ya kuandika anachosema Bi Sikudhani mpya. Ulifurahi ukaruka mpaka ukapiga kichwa kwenye paa la makuti. Sikuwa na kinyongo. Lakini ulichokichukua ni mdomo wangu tu. Utani wenyewe ulibaki hapa, na kosa hilo ni langu, nilikufundisha kucheka sikukufundisha mipaka.

Ukoo wetu na ukoo wa Bi Mwanaisha ni watani tangu kwa mababu. Akifiwa yeye, naingia mimi. Nazuia jeneza mlangoni, natupa viatu vya wafiwa, nawatukana mmoja mmoja. Nikifiwa mimi, anaingia yeye. Alipokufa mume wetu nilikaa kwenye mkeka sina chozi wala sauti, watu wananinong'ona kuwa nitapasuka. Bi Mwanaisha akaingia amevaa kanzu ya marehemu na kofia yake, anachechemea kama yeye mwenyewe, akanisimamia kichwani. "Wewe kizee, chai yangu iko wapi? Nimekufa asubuhi hii tu umeshaacha kunipikia?" Nikacheka. Nikacheka mpaka kicheko kikageuka, na ndipo nikalia. Asingefanya vile sijui ningelia lini.

Na lile tusi la ghala nilimtungia yeye, kwenye msiba wa kaka yake. Alikuwa amejiinamia analia, ana mimba ya mtoto wa nane. Nikaingia nikapaza sauti: "Mnamlilia nini huyu? Tumbo lake ghala lisilo na mlango, kila mpita njia anatua mzigo wake humo na kwenda zake!" Msiba wote ulipasuka. Mume wake alishika ukuta kwa kucheka, na yeye mwenyewe Bi Mwanaisha akanirushia kandambili huku kamasi zinamtoka. Unajua kwa nini walicheka? Kwa sababu hakuna asiyejua kuwa mwanamke yule hakuwahi kumtazama mwanamume mwingine zaidi ya mumewe. Lilikuwa uongo mtupu. Tusi la utani likiwa na chembe ya kweli ndani, limeoza, usilitoe.

Na lina watu wake. Mtani, shemeji, mjukuu. Wewe nakwambia una miguu kama mpini wa jembe, unanijibu kuwa mume wetu alinioa gizani, tunacheka, tunakula. Lakini mtoto uliyemzaa hutaniani naye. Huku kwetu hata mlevi akiwa amelala mtaroni analijua hilo.

Njoo sasa kwenye arobaini ya mume wa Bi Mwanaisha, hizo siku kumi zilizopita. Wewe ulikuwa jikoni na wenzio mnakuna nazi. Niliingia kama ninavyoingia siku zote, nikamkuta mtani wangu kajikunyata kwenye mkeka wake wa eda, nikamtolea ghala lake, la zamani, nikitegemea anirushie kitu. Kabla hajainua hata mkono, kasichana kamoja kalikotoka Dar, kenye simu kifuani, kakasema, "Jamani, Bibi Somoe naye anamuiga Bi Sikudhani!"

Mwenzake akadakia, "Tena kakosea! Bi Sikudhani anasema kila bodaboda anapaki humo!"

Vicheko. Mimi nimesimama katikati ya mkeka. Bi Mwanaisha, na msiba wake, akanyanyuka nusu. "Nyie vitoto visivyo na adabu! Tusi hili nimetukanwa mimi kabla mama zenu hawajaota meno! Mwenyewe huyu hapa!"

Hawakuamini. Kamoja kakanipigapiga begani, eti, "Usijali bibi, umejitahidi." Umejitahidi! Mimi!

Ndiyo maana tulipofika nyumbani nilikwambia, "Nionyeshe huyo mwanamke."

Ukaegemeza simu kwenye kinu, tukakaa kwenye jamvi. Ukanieleza kuwa ile tamthilia ya zamani wameifufua, siku hizi iko kwenye programu ya kulipia, watu wanaitazama kwenye simu, na huko hakuna wa kuwakataza kusema lolote. Nikakuuliza, yaani watu wanalipa ili wakatukaniwe? Ukasema, "Bibi, ndiyo utamu wenyewe. Kila mtu anamkumbuka alivyokuwa mpole. Sasa akifungua mdomo watu wanaanguka."

Akatokea. Ni yule yule mwanamke, amezeeka kama mimi, kajitia nywele za bandia. Kijana kamletea maji ya moto badala ya baridi, akamwambia pua yake kama bomba lililopasuka. Pua hiyo ni ya shemeji yangu, nilimwambia mimi. Akamwambia jirani kuwa akioga maji yanaomba msamaha. Langu. Nilicheka, sikatai. Nilikwambia rudisha nyuma nisikie tena. Kwa kitambo kidogo nilijiona mkubwa. Halafu nikakutazama wewe. Macho yako yalikuwa kwake. Ulikuwa unacheka hata kabla hajafungua mdomo, mimi nimekaa pembeni yako nanuka moshi wa arobaini, mwenye maneno yenyewe, hunitazami. Nikasema moyoni, mwanamke huyu alinichukulia binti kwa upole wake, leo amerudi kuchukua mjukuu kwa matusi yangu.

Wivu ungeishia hapo ningekuzomea tukalala. Lakini ikaja ile sehemu ya mlangoni. Binti yake wa tamthilia amerudi nyumbani na mtoto mkononi, hana mume. Bi Sikudhani kasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Tumbo lako ghala lisilo na mlango, kila bodaboda anapaki humo!" Na yule binti akacheka! Akasema, "Mama nawe!" Akapita, akajimiminia chai.

Wewe ukaniangukia miguuni kwa kucheka. "Bibi, hapa ndipo nilipoandika mimi! Hii ni yako!"

Nikainuka nikaenda jikoni. Tangu hapo hukusikia sauti yangu.

Hadija, mama yako hakucheka.

Sasa kaa vizuri kwenye kiti chako. Kama kuna mtu pembeni yako anayechungulia, mkunjie barua.

Mama yako alikuzaa hapa nyumbani kwangu, baba yako alikuwa ameshapotea na upepo wa Mtwara. Ulipotimiza miaka miwili akaenda kisiwani Songo Songo kutafuta maisha, akaanza kupikia na kuuzia chakula wafanyakazi wa mitambo ya gesi. Huko akapata mume, mtu wa heshima, wa kuvua. Hayo unayajua nusu. Ulipokuwa na miaka sita alitoa habari kuwa anakuja kukuchukua. Nilizipata habari hizo wiki mbili kabla na sikukwambia kitu. Siku yenyewe nilikuvika gauni zuri, nikakuvua, nikakuvika lililochanika, ili akiona aseme nimeteseka na wewe. Halafu nikakuvika tena zuri ili asiseme sikukulea. Ulilia kwa kuvuliwavuliwa.

Tulimsubiri pale panaposimama basi. Sura yake hukuijua, ulikuwa mdogo mno alipoondoka. Mimi nilitegemea utajificha nyuma ya kanga yangu kama ulivyokuwa ukifanya kwa wageni. Nilikuwa nimeshaishika kanga, nimekufungulia nafasi. Akashuka. Na wewe ukachomoka mbio. Hakuna aliyekutuma. Ukamkumbatia magoti, ukamwita mama. Yeye akachuchumaa palepale kwenye vumbi akasema, "Mwanangu mpenzi." Kwa sauti ile ile ya kwenye kioo cha bwana shamba.

Miaka minne nilikuosha, nikakukanda homa, nikakubeba mpaka zahanati mvua inanyesha. Hukuwahi kunikimbilia vile.

Nikafungua mdomo. Mbele ya abiria, wauza korosho, bibi zako wadogo, wote. Nikamtolea ghala, neno kwa neno, na kwenye mkia nikaongeza: "Na mzigo mmoja ulinitupia mimi. Leo umeona umekua ndiyo unakuja kuuchukua?"

Abiria mmoja dirishani alianza kucheka, alidhani ni utani. Akauona uso wa Salima, kicheko kikafia mdomoni. Maana ilikuwa na kweli ndani. Binti alizaa hana mume, watu wanajua. Niliyemwambia Bi Mwanaisha uongo wa kuchekesha, nikamwambia binti yangu mwenyewe jambo ambalo kijiji kilikuwa kinalinong'ona miaka sita. Nilikipa kijiji ruhusa.

Alikubandua mikono magotini mwake, kidole kimoja kimoja, taratibu, akakusimamisha upande wangu, akapanda basi lile lile alilokuja nalo. Konda alimpisha.

Ulilia mpaka nyumbani. Njiani ukaniuliza, "Bibi, mbona ameondoka?"

Nikakwambia, "Hakukutaka."

Hapo ndipo palipo na tusi, Hadija. Lile la ghala nililisema kwa hasira, watu wakasikia, wakanihukumu, wakanisusia hata maji ya kuazimana. Hili la pili nililisema taratibu, nimekushika mkono, halina hata silabi moja chafu, na hakuna aliyelisikia ila wewe. Wewe ulilimeza ukakua nalo. Ulipokuwa darasa la tano uliandika insha kuwa mama yako alikukataa, mwalimu akakupa alama nzuri, ukaja kunisomea. Nilikwambia umeandika vizuri.

Yale magauni ya Idi niliyosema nimekununulia, ni yake. Samaki wakavu nilikuwa naletewa na mchuuzi wa Kilwa Masoko, ni wake. Ulipofaulu kwenda sekondari alipiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji aongee na wewe, nikasema umekataa kuja kuisikiliza. Ulikuwa umekaa nyuma ya nyumba unasuka ukili. Umri wangu wote sijawahi kuiba hata embe la mtu, halafu nikakuibia hilo. Na sikufanya kwa kumchukia. Kila nilipotaka kusema, nilikuona unavyokimbia pale stendi, nikafunga mdomo.

Sasa unakwenda kukaa kwenye hicho chumba cha waandishi. Watakwambia, Hadija, hapa pamepoa, tia tusi watu wachangamke. Tia. Mimi si wa kukukataza, mdomo huu huu ndio uliokulea. Ila nyie mkitia tusi mnamtazama anayetukana, mnampendelea, kwa kuwa ndiye mwenye sauti. Siku tisa hizi mimi nimekuwa nikimtazama yule binti na chai yake. Nani kamwandikia acheke? Wewe. Ulikuwa mdogo, hukukumbuka, na aliyekuficha ni mimi. Kama mnaweza kurudi tena pale mlangoni, mwambie asicheke. Asilie pia, hakulia. Mwache asimame, na huyo mwanamke mwenye nywele za bandia asimame naye, wasipewe neno la kuwaokoa. Uone kama hao waliolipia watapenda.

Ghala nimekupa. Litumie. Pua ya shemeji pia, mwenyewe kashakufa na angefurahi. Lakini la kumuaibisha maiti, lile ambalo Bi Mwanaisha nami tunalitoa kaburini tu, hilo usiwape hata wakupe nyumba. Watu hao wameshanichukulia vya kutosha, kuna vitu nitakufa navyo.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Bi Mwanaisha. Nikamwambia nataka namba ya Salima, nikitegemea aseme tuitafute kwa fulani na fulani. Akachomoa simu yake kwenye kanga. "Ninayo. Naongea naye kila Ijumaa."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomfukuza."

"Miaka yote hii? Na mimi unanitazama usoni?"

"Ulitaka mtoto akae bila mama?"

Hadija, nilishikwa na wivu nikaona giza. Binti yangu anamwamkia Ijumaa mtani wangu! Nikamwambia, "Ghala wewe, usiye na mlango!" Akasema, "Ghala mwenyewe, tena la panya. Shika simu inaita."

"Salima," nikasema.

Nilisikia kuku wa watu huko kisiwani. Halafu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hadija anaondoka keshokutwa. Dar."

"Najua. Naitazama tamthilia yao." Nikasikia anafukuza kuku. "Niliposikia lile neno mlangoni nilijua limetoka nyumbani."

Nikamuuliza, "Ulifanyaje?"

"Nilizima. Halafu nikawasha tena. Nilikuwa sijakusikia siku nyingi."

Mimi mwenye matusi ya kufunika misiba ya wilaya nzima nilishika ile simu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzake. Nikasema, "Siku ile ya basi nilikosea."

Hakuniambia haidhuru, wala yamepita. Alisema, "Ndiyo, mama." Basi. Nikaipenda hiyo ndiyo kuliko angenisamehe haraka haraka. Halafu nikamwambia nilichokwambia wewe njiani siku ile, kuwa hakukutaka. Hilo alikuwa halijui. Hata Bi Mwanaisha alikuwa halijui, alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Salima alikata simu. Jua lilikuwa limeshapanda ndipo akapiga tena akasema, "Basi lake linapita saa ngapi Nangurukuru?"

Kwa hiyo kesho atavuka na boti ya asubuhi, ashuke Kilwa Masoko, apande gari mpaka Nangurukuru. Atasimama upande wa mama ntilie, amesema atavaa kanga ya kijani. Basi linasimama pale kidogo tu, watu wanunue korosho na kwenda msalani. Ukishuka na mizigo yako litakuacha, na hao wa Dar watakusubiri siku moja, hawafi. Usiposhuka, sitakuuliza. Una miaka ishirini na mbili na una haki ya kununa, hata kwangu, hata miezi tisa. Lakini uamuzi uufanye wewe, na uufanye ukijua kuwa aliyesimama pale hakuwahi kukukataa. Mimi ndiye niliyekukatalia kwa niaba yake.

Nilifikiria nikusindikize mpaka hapo, nikaacha. Ningefika ningesimama katikati yenu, najijua, na ningepata tu la kusema. Kwa hiyo kesho mimi nakwenda shamba kupalilia, na mchana basi lako litakapokuwa linakaribia Nangurukuru nitakuwa na jembe mkononi na wivu mpaka kwenye fizi. Mtashikana, mtalia, atakuita jina lolote analotaka kukuita, nami sitakuwepo kusikia. Usinihurumie kwa hilo. Shuka kwenye basi.

Bibi yako,
Somoe